Michezo ya Vyuo Vikuu Vyetu Isiwe ya Msimu

Hapana mwenye macho atakayekana kwamba katika miaka ya karibuni Visiwa vyetu vimepata viwanja vya kujivunia. Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2023. Mwezi wa Agosti 2025 uwanja huo ulizipokea timu za Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo ya Brazzaville katika mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wanasoka wanaocheza katika ligi za nchi zao. Serikali inastahili pongezi kwa kazi hiyo, nasi tunazitoa bila ya kinyongo.

Lakini uwanja haukimbii, wala hauruki, wala haufungi mabao. Anayekimbia ni mtu, na mtu huchukua muda mrefu zaidi kumjenga kuliko saruji na nyasi. Kwa hivyo, baada ya kushangilia majengo, inatupasa tuulize swali ambalo haliulizwi mara nyingi: vijana watakaovitumia viwanja hivi kwa sifa ya nchi yao wanalelewa wapi, na nani, na kwa utaratibu gani? Leo tunapenda kulielekeza swali hilo mahali pamoja, nako ni katika vyuo vyetu vikuu.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa Sheria Nambari 8 ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha mwaka 2001. Ukikilinganisha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1961, chuo chetu ni kichanga kwa umri na kidogo kwa kimo. Tena kimetawanyika: Tunguu, Vuga, Beit-el-Ras, Chwaka, na ng'ambo ya mkondo wa bahari huko Pemba. Viko pia Unguja vyuo vikuu visivyokuwa vya Serikali. Maneno yetu ya leo yanavihusu vyote, ila chuo cha umma ndicho kinachotarajiwa kutangulia, kwani kinaendeshwa kwa jasho la umma.

Hatuandiki kwa nia ya kumlaumu mkuu wa chuo yeyote. Tunalolizungumzia ni maradhi ya vyuo vidogo vingi katika Afrika Mashariki, wala si ya chuo kimoja. Dalili zake zinajulikana. Mwaka mzima michezo hukaa kimya kana kwamba haipo. Kisha hufika barua ya mwaliko wa mashindano ya vyuo vikuu, na wiki tatu kabla ya safari viongozi wa wanafunzi huanza kuhangaika. Jezi huombwa kwa wafadhili, mpira huazimwa, nauli ya boti huchangishwa, na timu huundwa kwa kuulizana nani aliwahi kucheza alipokuwa skuli. Mazoezi hufanywa jioni mbili tatu, wachezaji wakiwa na fikra zao katika mtihani wa kesho. Timu huenda, hufungwa, hurudi, na watu husema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Mwakani yaleyale huanza tena tangu mwanzo, kwa sababu waliojifunza kitu mwaka uliopita wamekwisha kuhitimu na hapana aliyeandika lolote.

Hiyo ndiyo michezo ya msimu. Inafanana na mkulima anayekwenda shamba siku ya kuvuna tu, kisha akaulaumu udongo.

Kuna watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwamba kazi ya chuo kikuu ni kutoa madaktari, walimu na wahasibu, wala si wakimbiaji. Tunawaomba wasomaji wetu walitazame kwa makini zaidi, kwani hasara ya michezo ya msimu haiishi katika idadi ya mabao tuliyofungwa.

Hasara ya kwanza ni kwamba tunamlazimisha kijana kuchagua baina ya kitabu na jezi. Yupo msichana aliyeng'ara katika mbio za skuli, katika tamasha la Elimu Bila Malipo, ambalo hufanyika kila mwaka kuadhimisha tangazo la tarehe 23 Septemba 1964. Akipata alama nzuri katika mtihani wake, huingia chuo kikuu. Siku anapoingia ndiyo siku viatu vyake vya mbio vinapotundikwa. Hapana aliyemkataza kukimbia. Ila hapana saa, hapana mwalimu, wala hapana anayeuliza. Mwenzake wa kiume mwenye kipaji cha mpira huamua kinyume: huacha masomo, hufuata timu, na afikapo umri wa miaka 30 goti likishachoka, hana cheti wala mshahara. Taifa dogo kama letu, ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, haliwezi kupoteza vijana kwa namna hizi mbili kwa wakati mmoja.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi, nayo haionekani kwa urahisi. Chuo hiki ndicho kinachotoa walimu wetu. Kampasi ya Nkrumah huko Beit-el-Ras ilikuwa chuo cha ualimu kabla ya kuwa sehemu ya chuo kikuu, na waliosomeshwa hapo wametawanyika katika skuli za Unguja na Pemba. Mwalimu aliyekaa chuoni miaka mitatu bila ya kuona namna ya kumfundisha mtoto kukimbia kwa mpango, kutua vizuri baada ya kuruka, au kumpa huduma ya kwanza aliyeumia, atakwenda kufundisha nini huko aendako? Atawapa watoto mpira mmoja, atakaa chini ya mwembe, na atakiita hicho kipindi cha michezo. Basi michezo ya chuo ikiwa dhaifu, udhaifu huo hushuka hadi darasa la kwanza, kisha hurejea chuoni pamoja na watoto hao baada ya miaka kumi na mbili. Hilo ni duara, na pahala pa kulikatia ni chuoni.

Sasa tujiulize: tunajua namna ya kulea wanamichezo, au hatujui? Tunajua, na ushahidi tunao mlangoni petu. Zanzibar iliingia katika mashindano ya Kombe la Gossage mwaka 1949, na mwaka 1995 ikatwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 2017 timu yetu ilifika fainali ya mashindano hayo huko Kenya na kushindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Tazama pia majina ya timu ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikitamba katika ligi yetu: KMKM, JKU, KVZ, Polisi, Mafunzo, Zimamoto. Zote ni timu za vikosi.

Kwa nini vikosi vimefanikiwa? Si kwa kuwa vijana wao wamezaliwa na miguu tofauti. Vimefanikiwa kwa sababu vina vitu vinne ambavyo havitegemei msimu: kiwanja, saa ya mazoezi iliyomo katika ratiba ya kazi, mwalimu anayelipwa, na fungu la fedha lililoandikwa katika daftari. Hali ni hiyo hiyo upande wa pili wa Muungano. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Alphonce Simbu, aliyeshinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 2025, naye ni askari.

Tunavipongeza vikosi kwa kazi hiyo. Lakini si kila kijana ataweza kuwa askari, wala si haki mlango wa michezo uwe mmoja tu. Chuo kikuu ni taasisi kama kikosi: kina watu wake, ardhi yake, ratiba yake na bajeti yake. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuvipanga vitu hivyo vinne kwa pamoja.

Historia ya riadha ya Tanzania inatupa funzo jingine, nalo linauma kidogo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 tulipata medali mbili za fedha: ya Bayi katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 hatujapata medali nyingine ya Olimpiki. Wakati huo Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Chuo hicho hakikuwa miongoni mwa vyuo vikubwa vya nchi ile. Lakini kilikuwa na mpango wa riadha uliojua kuwatafuta vijana wa Afrika, kuwapa masomo, na kuwapanga katika mazoezi. Kwa maneno mengine, kipaji kilikuwa chetu, na malezi ya chuoni yalikuwa ya wenzetu.

Hatuna haja ya kuwaonea wivu watu wa El Paso. Wao walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Swali la maana ni hili: je, nchi ndogo isiyo na fedha za Marekani inaweza kuwalea wanamichezo wake katika chuo chake yenyewe? Jibu tunalipata katika kisiwa kingine, mbali na bahari yetu.

Jamaica ni kisiwa chenye watu wasiofika milioni tatu. Kwa miaka mingi wakimbiaji wake bora walikuwa wakisafiri kwenda kusoma Marekani, wakirudi wakati wa mashindano tu, na wengine wasirudi. Mmoja wa waliokwenda ni Dennis Johnson, aliyefundishwa mbio katika chuo cha San Jose State huko California na ambaye mwaka 1961 aliifikia rekodi ya dunia ya yadi 100, sekunde 9.3. Johnson alirudi kwao. Katika miaka ya 1970 alianzisha mpango wa riadha katika chuo cha ufundi cha mjini Kingston kilichoitwa CAST, akishikilia kwamba Mjamaika anaweza kusoma kwao, kufanya mazoezi kwao, na bado akawashinda walioko ughaibuni. Wengi hawakumwamini. Chuo hicho, ambacho mwaka 1995 kilipandishwa na kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Jamaica, hakikuwa na njia ya mbio ya mpira kama zile za Ulaya. Kilikuwa na majani yaliyochorwa mistari.

Mwaka 1999 kocha Stephen Francis na wenzake waliunda klabu ya MVP, nayo ikafanya maskani yake katika chuo hicho hicho, juu ya majani yale yale. Matunda yake dunia iliyaona. Asafa Powell aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 9.77 huko Athens mwaka 2005, na akaipunguza hadi 9.74 mwaka 2007. Shelly-Ann Fraser alikuwa mwanamke wa kwanza wa Jamaica kushinda mita 100 za Olimpiki, mjini Beijing mwaka 2008. Akashinda tena London mwaka 2012, na mwaka huo huo akapata shahada yake ya malezi ya watoto na vijana katika chuo hicho. Elaine Thompson, naye mwanafunzi wa hapo, alitwaa dhahabu za mita 100 na 200 huko Rio mwaka 2016.

Tunaomba jambo moja lizingatiwe katika habari hiyo. Fraser hakuchagua baina ya kitabu na viatu vya mbio. Chuo chake kilimpa vyote viwili, naye akakirudishia heshima ambayo fedha haziwezi kuinunua. Wahenga wetu walisema zamani kwamba mcheza kwao hutunzwa; Wajamaika wametuonesha kwamba anayetunzwa kwao hucheza vizuri zaidi.

Ni kweli kwamba Jamaica ina jambo ambalo sisi tungali tunalijenga. Mashindano yake ya riadha ya skuli za sekondari yalianza mwaka 1910, na chuo huvuna kilichopandwa huko. Lakini hii si hoja ya kukata tamaa. Tamasha letu la Elimu Bila Malipo ni mbegu ya namna hiyo hiyo. Hivi leo mbegu hiyo inamea, kisha inafika chuoni na kukuta hapana ardhi iliyotayarishwa.

Tunazijua hoja zitakazoletwa kupinga. Ya kwanza ni fedha. Tutaambiwa kwamba chuo kina upungufu wa vitabu, wa maabara na wa mabweni, na kwamba mwenye njaa hanunui manukato. Hatuipuuzi hoja hiyo. Lakini tuseme wazi tunachokiomba. Hatuombi uwanja mwingine wa mabilioni. Viwanja tunavyo, kuanzia Amaan na Mao Zedong mjini hadi Gombani huko Chake Chake, na kinachotakiwa ni makubaliano ya kuvitumia. Hatuombi kununua wachezaji. Tunaomba mwalimu mmoja mwenye ujuzi kwa Unguja na mmoja kwa Pemba, mipira na saa za kupimia, sanduku la dawa, na nauli inayojulikana tangu mwanzo wa mwaka. Gharama iliyopangwa daima huwa ndogo kuliko gharama ya kuhangaika. Chuo kinachochangisha dakika ya mwisho hulipa bei ya dakika ya mwisho.

Hoja ya pili ni kwamba michezo itawapotezea wanafunzi masomo. Hofu hii ina msingi pale ambapo michezo haina kanuni. Ndiyo maana tunasema iwekwe kanuni: mwanafunzi asiyefaulu masomo yake asiivae jezi ya chuo mpaka afaulu, na kwa upande mwingine, anayekiwakilisha chuo asipoteze mtihani wake kwa sababu ya safari, bali apangiwe siku nyingine kwa maandishi, asiachiwe kubembeleza mlangoni pa kila mhadhiri. Kanuni ya namna hiyo humfundisha kijana kuithamini saa. Atakayeajiriwa kesho katika ofisi ya Serikali atakuwa bora zaidi ikiwa chuoni alijifunza kufika kwa wakati, kushindwa bila ya kununa, na kumpa pasi mwenziwe aliye mahali pazuri kuliko yeye.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo inawahusu wasichana. Kuna wazazi wanaoogopa kwamba michezo haipatani na heshima ya binti wa Kiislamu. Tunawaheshimu wazazi hao, nasi hatutaki michezo inayomvunjia mtu dini yake. Lakini dunia ya michezo yenyewe imekwisha kubadilika. Tangu mwaka 2014 sheria za kandanda zinaruhusu hijabu uwanjani, na mwaka 2017 mpira wa kikapu ulifuata. Nawal El Moutawakel wa Morocco, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi huko Los Angeles mwaka 1984 na kuwa mwanamke wa kwanza kutoka nchi ya Kiislamu ya Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wakati huo, na baadaye akawa waziri wa michezo wa nchi yake. Kinachowazuia wasichana wetu aghlabu si dini, bali ni mambo ambayo chuo kinaweza kuyarekebisha: kukosa mwalimu wa kike, kukosa mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, na mazoezi yanayomalizika giza likishaingia bila ya usafiri wa kuwarejesha nyumbani. Mambo hayo matatu yakitengenezwa, wazazi wengi watatoa ruhusa kwa moyo mweupe.

Basi tunapendekeza nini? Mapendekezo yetu ni machache, nayo tunayaelekeza kwa Baraza la Chuo, kwa wizara zinazohusika na elimu na michezo, na kwa Baraza la Taifa la Michezo.

Kwanza, michezo iandikwe katika bajeti ya chuo kwa jina lake, katika mstari wake, ili hesabu yake iulizwe kila mwaka kama inavyoulizwa hesabu ya vitabu. Kitu kisichokuwa na mstari katika bajeti huwa ni hisani, na hisani haina mwenyewe.

Pili, ratiba ya masomo itenge alasiri mbili kila wiki, baada ya sala ya Alasiri, ambazo hapana mhadhara utakaowekwa katika kampasi yoyote. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba hiyo ibadilishwe kwa hekima, wala isifutwe. Saa hiyo isiwe ya timu ya chuo pekee. Iwe ya kila mwanafunzi, hata yule ambaye hatashinda chochote maishani isipokuwa uvivu wake mwenyewe.

Tatu, chuo kichague michezo michache na kuishikilia. Chuo kidogo kinachotaka kuwa na timu kumi na mbili hubaki na majina kumi na mawili karatasini. Riadha haina gharama kubwa. Netiboli na kandanda zina wapenzi kila kijiji. Kisha upo mchezo mmoja ambao kwa watu wa visiwani tunauona ni wajibu: kuogelea. Bahari imetuzunguka pande zote, nayo ndiyo njia yetu na riziki yetu, na bado wako wengi miongoni mwetu, hasa wanawake, wasioweza kujielea. Misiba ya MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012 ingali mbichi nyoyoni. Hatusemi kwamba kuogelea kungaliwaokoa waliotutoka, Mungu awarehemu. Tunasema tu kwamba mwalimu wa skuli wa kisiwani anayejua kuogelea, na anayejua kumfundisha mtoto kuogelea, ni hazina kwa kijiji chake, na chuo kikuu ndicho kinachoweza kumtoa. Na pakiwa na ngalawa ya chuo kwa ajili ya resi za ngalawa, tutakuwa pia tumeuhifadhi mchezo wa wazee wetu.

Nne, Pemba isisahauliwe. Mwanafunzi wa Mchangamdogo ni mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Mashindano ya ndani baina ya kampasi yafanyike mwaka mmoja Unguja na mwaka wa pili Pemba, na timu ya chuo ichaguliwe hapo, mbele ya macho ya watu, badala ya kuchaguliwa kwa simu.

Tano, chuo kiandike. Kiweke daftari la kila mwanariadha na muda wake, kila mechi na matokeo yake, kila aliyeumia na sababu yake. Chuo kikuu ni nyumba ya elimu. Ni aibu nyumba hiyo kutojua mwanafunzi wake wa mwaka uliopita alikimbia mita 800 kwa muda gani. Daftari hilo ndilo litakaloungana na skuli zetu, ili msichana aliyeng'ara katika tamasha ajulikane jina lake kabla hajafika langoni.

Kuna jambo la mwisho ambalo viongozi wetu wanalielewa kuliko sisi. Katika enzi za ukoloni vilabu vya michezo Visiwani viligawanywa kwa rangi na kwa asili za watu, na kijana alijua mapema kiwanja kipi ni chake na kipi si chake. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalifungua skuli kwa watoto wote. Kazi hiyo haitakamilika ikiwa kiwanja kitabaki kuwa cha mwenye muda, mwenye mfadhili au mwenye gwanda, na mtoto wa mkulima aliyejitahidi hadi akafika chuo kikuu akakiona kwa mbali tu.

Hatutarajii medali mwakani, wala mwaka utakaofuata. Kingston ilichukua miaka zaidi ya 30 tangu Johnson aliporudi mpaka rekodi ya Powell. Tunachokitarajia mwakani ni kitu kidogo, na kila msomaji anaweza kukikagua: chuo kikuu chetu kiwe na mwalimu wa michezo aliyeajiriwa, saa mbili katika ratiba, na mstari mmoja katika bajeti. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi watakapoijadili bajeti ijayo, tunawaomba wautafute mstari huo. Wasipouona, tunawaomba waulize.